"Shetani Alinipitia": Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Hiari ya Mkristo na Uwajibikaji Wake

Kwa miaka kadhaa nimefundisha darasa la kipaimara katika usharika wetu, na kukaa na wachumba wanaojiandaa kufunga ndoa. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa humo, mengine nimeulizwa msibani, mengine usiku kwa simu. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana. Majibu mengine ni marefu kwa sababu maswali yake yanaumiza watu. Maandiko nimeyanukuu kutoka tafsiri ya Union, ile tuliyoizoea ibadani.

Kama Mungu anajua kila kitu kabla hakijatokea, mimi nachagua nini?

Kujua jambo na kulisababisha ni vitu viwili. Mama anayemjua mwanawe anajua kwamba kopo la sukari likiachwa mezani litaguswa, na kujua kwake hakuusukumi mkono wa mtoto. Mfano huu haufiki mbali, maana mama anakisia na Mungu hakisii. Lakini unatosha kutuonyesha mahali pa kuanzia.

Biblia yenyewe huyaweka mambo haya mawili pamoja bila wasiwasi. Yesu akimzungumzia Yuda katika Luka 22:22 anasema: "Mwana wa Adamu aenda zake kama ilivyokusudiwa; lakini, ole wake mtu yule amsalitiye!" Kusudi la Mungu na lawama ya Yuda vimo katika mstari mmoja. Yusufu naye anawaambia ndugu zake waliomwuza kwamba wao walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema (Mwanzo 50:20). Hawaambii kwamba kwa kuwa Mungu aligeuza mambo, basi wao hawakumwuza.

Kwa nini basi Mungu aliuweka ule mti bustanini?

Wanafunzi wa kipaimara huuliza hili kila mwaka, kwa kawaida wiki ya pili. Huwauliza nami: ungefurahi kupendwa na mtu asiyeweza kukuacha? Utii wa mtu asiye na njia nyingine hauna thamani ya utii. Musa alipokuwa anakaribia kufa aliwaambia Waisraeli, "nimekuwekea mbele yako uzima na mauti, baraka na laana, basi chagua uzima" (Kumbukumbu la Torati 30:19). Aliyewatoa Misri kwa mkono wa nguvu hakuwaburuta hapo. Aliwasihi.

Nikisema "shetani alinipitia", nakosea?

Tunalisema neno hili upesi mno: mahakamani, kwenye baraza la wazee, mbele ya mke. Shetani yupo, na hujaribu watu kweli. Petro anasema huzunguka-zunguka kama simba angurumaye, akitafuta mtu ammeze. Lakini tazama Petro anamwagiza nani: sisi. "Mwe na kiasi na kukesha," kisha, "mpingeni huyo" (1 Petro 5:8-9). Huwezi kumwagiza apinge mtu asiye na uwezo wowote wa kupinga. Yakobo anasema wazi zaidi: "kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa" (1:14).

Kukwepa huku ni kwa zamani sana. Adamu alipoulizwa alijibu, "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala." Ni sentensi moja yenye washtakiwa wawili: Hawa, na Mungu aliyemleta Hawa. Haruni naye. Kutoka 32, mstari wa 4, unasema aliipokea dhahabu mikononi mwa watu akaitengeneza kwa patasi. Mstari wa 24, Musa anapombana, maelezo yake ni haya: "nami nikaitupa ndani ya moto, akatoka ndama huyu." Patasi haitajwi tena. Ndama ametoka mwenyewe.

Naijua patasi hiyo. Mwaka mmoja nilikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu. Tulichanga rambirambi ya familia iliyofiwa, shilingi 180,000, nami nikaziweka nyumbani ndani ya bahasha ya kaki iliyogundishwa mbele ya wote. Siku ya tatu mwanangu akarudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya michango. Nikachomoa 60,000, nikijiambia nitazirudisha mshahara ukitoka. Siku mbili baadaye familia wakaja na viongozi wa jumuiya kuchukua rambirambi yao. Zilipohesabiwa nikasema, shetani alinipitia.

Kuna mama mtu mzima katika jumuiya yetu ambaye sote humwita Bibi. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mjukuu wangu, alipopita, bahasha aliifungua yeye?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikumbuka nilivyoifungua. Nilichemsha maji, nikaishika bahasha juu ya mvuke wa birika mpaka gundi ikalainika, nikaivuta polepole ili isichanike, kisha nikaigundisha upya na kuilalia kwa Biblia ipate kunyooka. Ilichukua kama robo saa. Mtu aliyepitiwa hachemshi maji kwanza.

Ukoo wetu una laana. Nitawajibikaje kwa mambo niliyorithi?

Swali hili linawagharimu watu fedha. Nimewaona walioambiwa watoe sadaka ya kuvunja madhabahu ya ukoo, wakauza mbuzi, wakakopa, na mwaka uliofuata wakaambiwa kuna madhabahu nyingine upande wa mama. Kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Wanaofundisha hivyo huanzia Kutoka 20:5, kwamba Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Andiko lipo, na maisha yanalithibitisha kwa namna fulani. Babu akiuza shamba kwa sababu ya pombe, wajukuu hawana pa kulima. Mtoto aliyeona mama akipigwa kila mwisho wa mwezi anakua akidhani ndivyo nyumba zilivyo. Madhara hurithiwa, na asiyekubali hilo hajakaa na watu.

Hatia ni jambo lingine. Waisraeli waliokuwa uhamishoni Babeli walikuwa na mithali yao: baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Walikuwa na sababu ya kuisema, kwa kuwa makosa ya wafalme na wazee wao yalichangia kuwafikisha kule. Hata hivyo Mungu anaipiga marufuku mithali hiyo. Ezekieli 18 yote inalizungumzia jambo hili, kizazi kwa kizazi: baba mwema akizaa mwana mwovu, na mwana mwovu akizaa mwana anayeyaona maovu ya baba yake asiyafanye. Kisha uamuzi: "mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe." Anayekutoza fedha ili akuondolee hatia ambayo Mungu amesema huna, achana naye.

Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye baba na babu yake walikunywa mpaka wakafa, aliniuliza afanye nini. Tuliomba. Kisha tukazungumzia njia yake ya kurudi nyumbani, maana kituo anachoshukia daladala kiko mbele ya kilabu. Alianza kushuka kituo kinachofuata na kurudi kwa miguu kupitia upande wa shule. Hivyo tu, kila jioni, mwaka wa nne sasa.

Mtu akifa kwa ajali tunasema "kazi ya Mungu haina makosa". Je, si kweli?

Kando ya kaburi sitamrekebisha mama anayelia. Maneno hayo yamewashikilia wengi wasianguke, na imani kwamba Mungu hajatuacha hata hapo ni imani ya kweli.

Ninachokataa ni kuyasema maneno hayo ili mtu asiulizwe. Bodaboda amepakia mshikaki, watu watatu nyuma yake, kofia ngumu inaning'inia kwenye usukani. Dereva wa basi ameendesha usiku kucha bila wa kumpokea. Tajiri wa gari aliambiwa breki zimechoka, akasema zitafika. Kisha tunazika, na kila kilichofanywa na watu hao kinaandikwa kwa jina la Mungu.

Torati haikuwa hivyo. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye kujenga nyumba mpya aweke ukuta kandokando ya dari, yaani juu ya paa lile la bapa ambako watu wa kule walipumzika jioni, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka. Hakusukuma mtu. Hakuweka ukuta, na damu inahesabiwa kwake. Kutoka 21 ina habari ya ng'ombe anayepiga pembe. Akiua mtu kwa mara ya kwanza, ng'ombe atauawa na mwenyewe hana hatia. Lakini kama alikuwa na mazoea hayo tangu hapo, na mwenyewe ameonywa lakini hakumfunga, hukumu inamfikia mwenyewe. "Ameonywa" ndilo neno la kushika. Kila tajiri wa gari aliyeambiwa habari ya breki ni mwenye ng'ombe yule.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili na kusema marehemu lazima alikuwa na dhambi. Yesu aliwajibu hao alipowataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu: hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu (Luka 13:4-5).

Niliyetendewa kwa nguvu nami nina hatia?

Hapana. Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati 22:25-27, inasema msichana aliyeshikwa kwa nguvu shambani hana dhambi, na inamlinganisha na mtu aliyevamiwa na muuaji: alilia, na hapakuwa na wa kumwokoa. Kama kuna mtu kanisani aliyekuambia utubu kwa ajili ya ulichofanyiwa, alikukosea. Nenda kwa mtu unayemwamini, nenda hospitali, nenda dawati la jinsia polisi. Lawama ni ya aliyetenda.

Bosi ananiamuru nisaini risiti za uongo. Nikikataa nafukuzwa. Kosa ni langu au lake?

Lenu wote wawili, lakini kwa vipimo tofauti. Yesu anasema mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake atapigwa sana, na asiyejua atapigwa kidogo (Luka 12:47-48). Mwenye madaraka ana mzigo mkubwa zaidi. Hata hivyo Pilato alitaka kuwaachia umati uamuzi wake, akanawa mikono mbele yao, na mpaka leo katika Imani ya Mitume tunatamka jina lake: "akateswa zamani za Pontio Pilato".

Sisemi kwa wepesi kwamba uache kazi. Najua nyumba yenye watoto wanne na mshahara mmoja. Ninachomwomba mtu kwanza ni atafute hatua zilizo kati ya kutii na kufukuzwa: kuomba amri ije kwa maandishi, kutaka mtu mwingine asaini naye, kumweleza mkaguzi. Mara nyingi zipo, na hofu ndiyo inayotuzuia tusizione.

Wakati mwingine hazipo. Tarehe 3 Juni 1886, Namugongo, Uganda, Karoli Lwanga na vijana wenzake wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walichomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Walikuwa wameulizwa nani anashika dini ya kusali. Mdogo wao, Kizito, alikuwa kama miaka 14. Kila ninapowasimulia vijana wa kipaimara habari hii darasa linakuwa kimya, maana ni wa umri wao. Uhuru wao wote wa nje ulikuwa umechukuliwa, na bado kulikuwa na jambo moja ambalo Kabaka hakuweza kuwaamulia.

Mlevi au mtu aliyezama kwenye kubeti naye ana hiari?

Anayo, lakini imejeruhiwa. Paulo anaandika, "lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo" (Warumi 7:19). Aliyefungwa na kitu hawezi kuambiwa "acha tu", kama vile aliyevunjika mguu haambiwi kimbia. Huyu anaweza kuchagua jambo dogo zaidi: kumpa mke simu usiku, kukubali kupelekwa kwa daktari, kusema ukweli kwa mtu mmoja. Wajibu wake unaanzia hapo alipo na nguvu. Wajibu wetu ni kutomwachia peke yake.

"Apandacho mtu ndicho atakachovuna." Basi maskini amejitakia?

Marafiki wa Ayubu walifikiri hivyo, na mwisho wa kitabu Mungu anasema hawakunena yaliyo sawa. Mkulima aliyepanda kwa wakati, mvua ikakata mwezi wa nne, hakupanda ukame. Mtoto aliyezaliwa kijiji kisicho na zahanati hakuchagua.

Katika Wagalatia 6, kabla ya kufika kwenye kupanda na kuvuna, Paulo anasema mambo mawili yanayoonekana kupingana. Mstari wa 2: "Mchukuliane mizigo." Mstari wa 5: "kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe." Kigiriki kinatumia maneno mawili tofauti, na watafsiri wetu walifanya vizuri kuyatenganisha. Mzigo unamlemea mtu, unahitaji mikono ya wengi: msiba, ugonjwa, njaa. Furushi ni lile la safari, ambalo kila msafiri hubeba lake. Nikikuachia mzigo wako kwa kisingizio kwamba ni furushi lako, nimekosa upendo. Nikikupa furushi langu na kuliita mzigo, nakudhulumu. Vikundi vyetu vya kufa na kuzikana vinaishi juu ya tofauti hiyo, ingawa havikuisoma popote.

Mtumishi wa Mungu ameniambia Bwana amemwonyesha nimwoe fulani. Naweza kukataa?

Unaweza, na mara nyingi unapaswa. Watu wa Beroya walimsikiliza mtume Paulo mwenyewe, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11), na wanasifiwa kwa hilo. Kuhusu ndoa, padre au mchungaji atawauliza mbele ya watu kama mmekuja kwa hiari yenu, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inataka hiari hiyo. Ukijibu "ndiyo" huku moyoni umelazimishwa na unabii, umeanza ndoa kwa uongo.

Ni jambo zito kuliko ndoa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa zaidi ya miili 400, wengi wao watu walioamini kwamba wakifunga kula mpaka kufa watamwona Yesu. Kati yao walikuwemo watoto, ambao hawakuchagua lolote. Kila Mkristo wa Afrika Mashariki anapaswa kuikumbuka Shakahola pale anapoambiwa, "usiulize, tii". Warumi 14:12 inasema kila mtu atatoa habari zake mwenyewe mbele za Mungu. Siku hiyo nabii wako hatakujibia.

Na wazazi? Biblia si imesema waheshimiwe?

Waheshimiwe, wasikilizwe, watunzwe uzeeni. Mtu mzima akiisha kuwasikia kwa unyenyekevu, anaweza kuamua tofauti na akabaki mtoto wao. Nenda na mshenga, nenda na shangazi, rudi tena na tena. Wengi hukata tamaa baada ya kikao kimoja, kisha wanauita uasi wao uhuru.

Mbona madhehebu hayakubaliani kuhusu hiari?

Mjadala huu ni wa zamani, na umepikwa kwa sehemu kubwa Afrika. Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo. Alipopingana na Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu anaweza kutii kwa nguvu zake mwenyewe, mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, uliokutana Karthago mwaka 418 uliyakataa mafundisho hayo. Lakini ni Augustino huyohuyo aliyehubiri kwamba Mungu aliyekuumba pasipo wewe hatakuhesabia haki pasipo wewe. Erasmo, mwanazuoni Mkatoliki, aliitetea hiari mwaka 1524, naye Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, akamjibu mwaka uliofuata kwamba hiari ya mwanadamu imefungwa. Wafuasi wa Calvin, waliosema Mungu ndiye anayechagua wa kuokolewa, na wa Arminius, waliosema mtu anaweza kuikataa neema, walivutana mpaka sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa huko Uholanzi, 1618 hadi 1619. Leo Wakatoliki, Wamethodisti, Waadventista na Wapentekoste wengi husisitiza kwamba neema inaweza kupokelewa au kukataliwa.

Mimi ni Mlutheri. Ninaamini nisingeweza kumjia Kristo kama asingenivuta. Lakini Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, andiko la imani yetu Walutheri, ibara ya 18, linasema mtu anayo hiari kiasi fulani katika mambo ya maisha haya na haki ya nje, yaani mwenendo mwema mbele ya watu. Bahasha ya rambirambi imo humo.

Nimetubu, nimesamehewa. Kwa nini bado nalipa?

Daudi aliambiwa, "BWANA naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa," na katika mazungumzo yaleyale akaambiwa upanga hautaondoka nyumbani mwake (2 Samweli 12). Msamaha unamrudisha mtu kwa Mungu, haurudishi saa nyuma. Zakayo alilielewa hili bila kufundishwa. Yesu hakumwagiza arudishe chochote. Wokovu ulipoingia nyumbani mwake yeye mwenyewe alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu mara nne.

Nami nilikwenda kwa ile familia. Sikutaja shetani. Nilisema nilichemsha maji nikafungua bahasha. Baba mwenye nyumba alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema nilete kidogo kidogo. Nililipa kwa miezi mitatu, 20,000 kila mwezi, na Bibi ndiye aliyeshika daftari. Malipo ya mwisho aliandika "imekwisha" kwa mwandiko wake mkubwa wa kulala, akanisogezea kalamu niweke sahihi. Uhasibu wa jumuiya walimpa mtu mwingine na mpaka leo anao, nami naona walitenda haki. Jumatano jioni tunakaa mkeka mmoja, na sadaka ikipita naitia mkononi mwa mweka hazina huyo.